Nakaa kutwa ofisini, je jimu ya jioni inatosha?

SWALI: Habari mtaalamu, mimi ni mhasibu hapa Dar, naingia kazini saa mbili natoka saa kumi na moja, muda wote niko kwenye kiti, bado foleni ya kurudi Mbezi. Jimu naenda siku tatu kwa wiki, lisaa limoja limoja. Hiyo inatosha kufuta madhara ya kukaa? Na ile meza ya kufanyia kazi umesimama, ninunue? Halafu siku hizi mguu wa kushoto unavimba, jioni kiatu kinabana, nadhani uchovu tu.

JIBU: Dada yangu, mi ni mtu wa fiziotherapia, na naanza na hilo la mwisho ulilolipitia juu juu maana ndo limenishtua. Miguu yote miwili ikivimba jioni kwa mtu anayekaa kutwa mara nyingi ni maji yametuama huko chini, ukilala asubuhi imeshapungua. Mguu mmoja ni habari nyingine kabisa. Damu ya miguuni inarudi juu kwa kusukumwa na misuli ya kigimbi kila unapokanyaga, sasa ukikaa masaa yote hayo misuli haisukumi, damu inakwenda polepole na inaweza kuganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likichomoka linakwenda mpaka kwenye mapafu, ndo unasikia mtu kaanguka ghafla na majirani wanasema karogwa. Kwa hiyo nenda hospitali leo hii waupime huo mguu kwa utrasaundi, na waambie kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango au umejifungua karibuni, maana hivyo vinaongeza uwezekano wa damu kuganda. Na tafadhali sana usiite mtu wa kukuchua kabla hujapimwa. Ukisikia kifua kinauma au pumzi zinakata ghafla, hapo ni emajensi, hata usimalizie kazi.

Haya, jimu. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linataka dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, wewe una 180, hongera, wengi hawafiki. Ila kufuta kabisa, hapana. Kuna uchambuzi ulitoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2016, wa watu zaidi ya milioni moja, ukaonyesha kwamba anayekaa zaidi ya masaa nane anahitaji kama dakika 60 mpaka 75 KILA SIKU, hata za kutembea kwa haraka, ndo ile hatari ya kufa mapema inayotokana na kukaa isionekane tena. Siku tatu hazifiki hapo. Na hili jambo si la juzi, mwaka 1953 mtafiti wa afya wa Uingereza, Jerry Morris, alilinganisha madereva wa mabasi ya London na makonda wao, makonda wanapanda na kushuka ngazi za basi la ghorofa siku nzima, madereva wamekaa, na ni madereva ndo waliougua zaidi ugonjwa wa moyo. (Konda wa daladala ananing'inia tu mlangoni, sijui yeye tungemweka wapi.)

Kinachokuumiza zaidi ni kukaa mfululizo. Umekula wali saa saba ukarudi kwenye kiti, misuli mikubwa ya mapaja imelala, sukari inabaki juu kwenye damu kuliko kama ungetembea hata dakika mbili tatu kila baada ya muda. Kwa hiyo acha kuletewa chakula mezani, mfuate mama ntilie mwenyewe, simu pokea umesimama, kunywa maji ya kutosha ili choo chenyewe kikuinue, na kama foleni imegoma kabisa shuka kituo kimoja kabla umalizie kwa mguu. Ila haya ya kutembea yaanze baada ya majibu ya huo mguu.

Meza ya kusimama mi sikushauri uitoboee mfuko. Kusimama palepale kutwa nako kunachosha mgongo na kunaleta mishipa ya miguu kuvimba, waulize walimu na wauza maduka. Hela hiyo weka kwenye kiti chenye egemeo la kiuno, nyayo zikanyage chini zote, na skrini ipandishe usawa wa macho, hata kwa marimu mawili ya karatasi inatosha.