Kwa wanaoanza kusoma historia: lifuateni robota la pamba

Wadogo zangu mnaoanza historia hapa Uganda, najua mtaanza na mikataba, magavana na uhuru wa 1962. Nawasihi mchague kwanza kitu kimoja kilichotoka kijijini kikavuka bahari, mkifuate hatua kwa hatua. Mimi nilichagua pamba, na mpaka leo sijaichoka.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na serikali ilitaka mizigo ya kuilipia. Viwanda vya nguo vya Lancashire, Uingereza, navyo vilichoka kutegemea pamba ya Marekani. Mkulima wa Buganda, tangu mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza, alidaiwa kodi ya nyumba ya rupia 3. Mwaka 1903 mmisionari Kenneth Borup akaleta mbegu zikagawiwa. Ukimwacha mmojawapo kati ya hao, hutaelewa kwa nini pamba ilienea upesi namna ile.

Wengi hulisindikiza robota hadi Uingereza wakaishia hapo. Hilo linaniuma, maana vinu vingi vya kuchambulia pamba vilikuwa mikononi mwa Wahindi, na baadaye pamba nyingi ilikwenda Bombay. Bila Bahari ya Hindi, historia yetu inabaki nusu.

Mkienda kwa wazee, msiulize "ukoloni ulikuwaje?" Mtapewa hotuba. Ulizeni nani alishika mizani. Mzee mmoja wa Busoga alinyoosha mguu akanionyesha karani wa mnunuzi alivyokanyaga kamba ya mizani kwa kidole gumba, mkulima akiwa amesimama pale pale, haoni. Baada ya kumsikia ndipo nilipoelewa kwa nini waandamanaji wa Buganda mwaka 1949, pamoja na madai yao ya kisiasa, walitaka wakulima wachambue na kuuza pamba yao wenyewe.

Kuhusu lugha: Kiswahili kitawafaa sana kwa familia za askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki), wale waliopelekwa Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Kwa mkulima wa Kamuli au Iganga, tafuteni mtu anayejua Lusoga vizuri, tena asiwe mtoto wa chifu wa eneo hilo, kwa sababu machifu ndio waliosimamia kilimo hicho na watu watajizuia kusema. Kwenye kila daftari la mahojiano andikeni lugha iliyotumika, aliyetafsiri, na nani mwingine alikuwa amekaa pale akisikiliza.