Sura, fani na nyota: maswali yenu kuhusu wahusika wa The Elder Scrolls

Maswali ya safari hii yote yamegusa jambo moja: namna ya kumtengeneza mhusika katika The Elder Scrolls, mfululizo wa michezo ya kompyuta wa kampuni ya Bethesda, ulioanza na Arena mwaka 1994 na uliozaa Morrowind, Oblivion na Skyrim. Marefu nimeyafupisha.

Nimemaliza jioni nzima nikirekebisha pua na mashavu ya mhusika wangu wa Skyrim. Baada ya saa moja nikamvisha kofia ya chuma, na sura sijaiona tena. Nimepoteza muda?

Kwa hesabu za mchezo, ndiyo. Pua haiongezi nguvu hata chembe, na ukicheza kwa macho ya mhusika mwenyewe utaona mikono tu. Hata hivyo sikucheki, maana nami nina ugonjwa huohuo. Shukuru tu kwamba hukuanzia Oblivion ya mwaka 2006. Kule ukivuta kidevu, shavu linafuata, na ukirekebisha shavu, paji la uso linahama. Wengi tulitoka na watu waliovimba kana kwamba wameng'atwa na nyuki. Isitoshe, kazi yote unaifanya ndani ya seli yenye giza, kwa hiyo ubaya wa sura unaugundua juani. Bahati nzuri, kabla hujatoka kwenye mifereji ya chini ya jiji, mchezo hukuuliza kama unataka kubadili chochote: sura, jamii (ukoo wa mhusika, kama Orc au Breton), fani (kazi yake, kama shujaa au mwizi), nyota (ya kuzaliwa, inayompa uwezo fulani). Hifadhi mchezo hapohapo na usiifute hifadhi hiyo. Ukitaka mhusika mwingine baadaye, utaanzia mlangoni badala ya kurudia gereza zima.

Naweza kubadili sura nikiwa katikati ya Skyrim?

Ukiwa na nyongeza ya Dawnguard, ndiyo. Nenda mji wa Riften, ushuke hadi kilabu cha wezi kiitwacho Ragged Flagon. Yupo mchonga nyuso anayetoza dhahabu 1,000. Jamii yako hataigusa.

Jamii ipi ni bora Skyrim? Kila mtu ananiambia lake.

Kwa sababu kila mtu anatazama namba zisizodumu. Stadi huanzia 15, kisha jamii yako inaongeza pointi 10 kwenye stadi moja na 5 kwenye nyingine tano. Ukicheza siku mbili tatu, tofauti hiyo imeshafutika. Tazama kile kisichofutika. Altmer (au High Elf) anaanza na magicka, yaani nguvu ya kurushia uchawi, 50 za ziada, sawa na kupanda ngazi tano kwa mtu anayeweka kila nyongeza kwenye magicka. Mnord anapunguza nusu ya madhara ya baridi, na nchi yenyewe imejaa wanaorusha barafu. Orc, mara moja kwa siku, hupiga maradufu na kuumia nusu kwa sekunde 60, na wengi husahau kabisa kuutumia uwezo huo. Ukinibana nitaje mmoja, nitamtaja Breton: robo ya uchawi wowote unaomfikia inapotea, mwanzo hadi mwisho, bila kubonyeza kitu.

Kwa nini Skyrim iliondoa fani? Zamani ulikuwa shujaa, mwizi au mchawi tangu mwanzo.

Iliondoa fani ili kosa la dakika ya kumi lisikuandame hadi saa ya mia. Morrowind ya 2002 ilikuwa na fani 21 zilizo tayari, na ungeweza kujitungia yako: stadi tano kuu, tano ndogo, halafu ndoa bila talaka. Skyrim wakasema tenda kwanza, fani itakufuata. Unachokitumia ndicho kinachokua.

Wazo ni zuri, ila lina mtego wake. Kunyemelea na kulenga mshale kunalipa mno: mshale wa kuvizia huanza na madhara maradufu, na kwa kipaji kimoja unachokichagua ukipanda ngazi yanafika mara tatu. Basi unaanza ukiwa mchawi mwenye joho, unamaliza ukiwa umechutama gizani na upinde. Mzaha huo umezeeka, lakini bado ni kweli. Dawa yake ni kujiwekea sheria mwenyewe, kwa mfano kutobeba upinde kabisa, kwani mchezo hautakuwekea.

Katika Oblivion, kila nikipanda ngazi nazidi kuwa dhaifu. Majambazi wa barabarani sasa wamevaa deraya za kioo, zilizo kati ya bora kabisa! Nimekosea wapi?

Pengine ulirukaruka sana. Sitanii. Ukiweka Acrobatics na Athletics kati ya stadi zako saba kuu, kila kuruka na kila kukimbia kunakusogeza ngazi inayofuata, na nyongeza kumi za stadi kuu zinatosha kuipanda. Adui nao wanapanda pamoja nawe. Wewe umejifunza kuruka, wao wamejifunza kuua.

Tatizo la pili limejificha. Ukilala ili upande ngazi, ukubwa wa nyongeza ya kila sifa (nguvu, akili na kadhalika) unategemea ulichozoeza: stadi za nguvu zikikua mara kumi, nguvu inaongezeka 5; zisipokua, unapata 1. Ndiyo maana wachezaji wenye subira ya mhasibu walichagua stadi kuu wasizozitumia, ili ngazi ipande pale tu wanapotaka. Ujanja huo unafanya kazi, lakini mimi niliuacha, maana sikununua mchezo ili nijaze daftari. Toleo lililofanyiwa ukarabati mwaka 2025 limeutibu ugonjwa huu: stadi zote zinahesabiwa, na kila ngazi inakupa pointi 12 za kugawa kwenye sifa zako.

Nyota ya Atronach hairudishi magicka yenyewe. Mwenye akili timamu ataichagua kweli?

Mimi hapa. Katika Oblivion inakupa magicka 150 za ziada, na nusu ya uchawi unaorushiwa unaumeza na kuugeuza kuwa magicka yako. Kwa malipo hayo hata usingizi haukurudishii kitu. Basi unaanza kuchuma majani njiani, unapika dawa, na unajua kila mmea unaota wapi. Nyota nyingine 12 zinakuongezea namba. Hii inakubadilishia namna ya kuishi.

Ukipenda udhaifu wa aina hiyo, jaribu Daggerfall ya 1996, ambayo Bethesda imeitoa bure tangu 2009. Unajitungia fani yako na kujibebesha mapungufu. Mapungufu yakizidi, unapanda ngazi upesi. Ukijipendelea, unakwenda kama kobe. Walafi waligundua kwamba High Elf hapoozwi, wakamwekea udhaifu wa kupooza na kuchukua faida bila kulipa.

Nikicheza kama mwanamke, kuna ninachokosa?

Katika Morrowind na Oblivion sifa za kuanzia hutofautiana kidogo kwa jinsia, na inategemea jamii. Skyrim hakuna tofauti hiyo. Hata wale wanaokubali kuolewa au kuoa hawaulizi wewe ni nani. Wanatazama kama umevaa mkufu wa Mara, mungu wa mapenzi.