Kwa nini saba na si tisa? Maswali yenu kuhusu kuhukumu picha za klabu

Nimeombwa kuwa jaji kwa mara ya kwanza. Picha ni 60, jioni moja. Nianzeje?

Usianze na alama. Pitisha kwanza picha zote 60 bila kusema neno, sekunde tano kila moja, dakika tano umemaliza. Mzunguko huo unakuonyesha kiwango cha jioni hiyo. Jaji anayeuruka huipa picha ya kwanza 8 kati ya 10 kwa ukarimu, halafu ya kumi na mbili inakuja, ndiyo nzuri kwelikweli, na hana tena pa kuiweka. Au kinyume chake: anaibania ya kwanza kwa woga, kisha nyingine ya kiwango kilekile ikipita ya 40 anaipa alama mbili zaidi kwa kuwa ameshalegea.

Mzunguko wa pili ndio wa kusema na kuweka alama. Kwa dakika moja kila picha, hiyo ni saa nzima, kwa hiyo pumzikeni baada ya ya 30. Macho yaliyochoka hupenda rangi kali. Picha tulivu ya ukungu ikifuata machweo yaliyokolezwa, huonekana imekufa bila kosa lake. Ukihisi hivyo, omba skrini ya kijivu kwa sekunde chache kabla hujaitazama.

Zile zinazokushika zaidi usizipe alama papo hapo. Ziweke kando, mwishoni zirudishwe zote na uzishindanishe zenyewe kwa zenyewe. Nane au kumi zinatosha. Ukiweka kando 25, hujachagua kitu. Na tumia mizani yote uliyopewa. Kama alama za juu kabisa ni 20 na wewe umewapa watu wote kati ya 16 na 18, wangeweza kupiga kura za karatasi tu wakalala mapema.

Nikisema ukweli watu hukasirika, nikisifu naitwa jaji muoga. Niseme nini hasa?

Sema unachokiona, kinamfanya nini mtazamaji, na kingebadilishwaje. Kwa mpangilio huo. "Picha nzuri" na "haijanigusa" ni ndugu wa baba mmoja: mwenye picha hawezi kwenda nayo nyumbani akafanya nayo chochote.

Chukua picha ya mzee aliyekaa karibu na dirisha, mwanga ukitoka kushoto, mikono imeshika kikombe. Jaji mvivu atasema: "Mwanga mzuri, ila mandharinyuma yanasumbua." Jaji anayefanya kazi yake atasema hivi: "Jicho langu linaanzia mikononi, maana mwanga umeangukia hapo na kila mkunjo wa vidole unaonekana. Kutoka hapo lingepanda usoni, lakini linakimbilia kulia, kwenye kipande cha pazia jeupe kilichoungua kabisa kwa mwanga mwingi. Ukikata upande huo, kama sehemu moja ya kumi ya upana, jicho linarudi kwa mzee. Siku nyingine, hatua moja kushoto kabla ya kupiga ingelificha pazia hilo nyuma ya bega lake."

Hapo mpiga picha amepata mahali, sababu na dawa mbili: moja ya kompyuta na moja ya kamera. Ni muhimu kuzitenganisha. Pazia linakatika kwenye kompyuta; mwanga uliotoka upande usiofaa haukatiki, na kumwambia mtu "ungeongeza mwanga usoni" baada ya miezi miwili ni kumpa kazi asiyoiweza.

Kuanza na kilicho kizuri si adabu tupu. Mtu asiyejua mikono ile ndiyo inayoibeba picha ataikata siku anaporekebisha pazia. Baada ya hapo taja makosa mawili, yale makubwa. Ukitaja saba, atakumbuka kwamba ulimchukia tu. Usikisie mambo yasiyo kwenye fremu ("naona alikuwa na haraka"), na usihukumu mada. Kama umechoshwa na picha za paka, uchovu huo ni wako; paka hahusiki.

Jaji aliniambia picha yangu "si kali", akaishia hapo. Nitajuaje ni fokasi au mkono ulitikisika?

Ifungue kwa asilimia 100 na utafute nukta ndogo ya mwanga: tone la maji, mng'ao ndani ya jicho. Nukta ikiwa imegeuka kistari, na kila kitu kwenye fremu kimevutwa upande uleule, kamera ilitikisika. Ikiwa imevutwa kwa anayekimbia tu na ukuta uko sawa, shata, yaani mlango wa mwanga wa kamera, ilikuwa ya polepole kwa mwendo wake. Nukta ikiwa kiduara laini, huku sikio au nyasi za nyuma ni kali, fokasi ilitua pasipo pake. Hili la mwisho hutokea sana kwenye picha za nyuso zilizopigwa f/1.8 (kitundu cha lenzi kikiwa wazi sana) kwa karibu: kope ni kali, mboni laini.

Kama fremu nzima imelainika kidogo, sawasawa pande zote, angalia kitundu cha lenzi. Kwenye f/22 mwanga hutawanyika unapopita kwenye tundu dogo hivyo, hata kwa lenzi ya bei mbaya. Rudi f/8 au f/11. Faida yake nyingine ni kwamba vumbi la kwenye sensa (sehemu ya kamera inayonasa mwanga), lile linalotia madoa ya kijivu angani, halitaonekana sana.

Kwa mtikisiko, kipimo cha kuanzia ni moja kugawanya kwa urefu wa lenzi: milimita 200, shata isiwe polepole kuliko 1/200 ya sekunde. Kamera yenye sensa ndogo ya aina ya APS-C, zidisha kwa 1.5, yaani 1/300. Kiimarishi cha lenzi, kile kinachotuliza mtikisiko wa mkono, hukuruhusu kushuka chini ya hapo, lakini hakimzuii mtoto kukimbia.

Nyumbani picha zangu zinang'aa. Kwenye projekta ya klabu ni za giza na rangi zimepauka. Projekta mbovu?

Inawezekana, ila anza na faili lako. Rangi kupauka mara nyingi ni faili lililohifadhiwa kwa Adobe RGB (mpangilio wa rangi ulio mpana kuliko ule wa kawaida, sRGB) na kuonyeshwa na programu isiyosoma wasifu wa rangi, yaani maelezo ya mpangilio uliotumika. Inalichukulia kama sRGB, na nyekundu na kijani zinazima. Ligeuze kuwa sRGB kabla ya kutuma. Angalia usibonyeze amri jirani: programu nyingi zina mbili zinazofanana, moja inabadilisha thamani za rangi zenyewe, nyingine inabandika jina jipya tu juu ya thamani zilezile. Unataka ile ya kwanza.

Giza ni hadithi nyingine. Ukihariri kwenye skrini iliyowashwa hadi mwisho, unaipunguza picha mwanga bila kujua. Shusha skrini hadi kandela 80 mpaka 120 kwa mita ya mraba, nyeupe ya 6500 K na gama (kipimo cha mwanga wa kati kwenye skrini) ya 2.2. Huna kifaa cha kupimia? Weka karatasi nyeupe kando ya skrini chumbani mwako. Ukurasa mtupu kwenye skrini ukionekana kama taa kando ya karatasi hiyo, umezidisha.

Na ukubwa: klabu ikitaka 1920 kwa 1080, picha ya wima isizidi pikseli 1080 kwenda juu. Ukituma kubwa, programu itaipunguza yenyewe na ukali utapotea. Punguza wewe, kisha noa (ongeza ukali wa kingo) mwisho kabisa. Ukiona uzi mweupe kati ya mlima na anga, umenoa kupita kiasi.

Mshindi wa kundi la wanyamapori alifuta tawi lililopita mbele ya ndege. Alama zake zipunguzwe kiasi gani?

Zisipunguzwe. Iondolewe kwenye kundi hilo. Tafsiri ya pamoja ya picha za asili iliyoafikiwa na FIAP (shirikisho la kimataifa la sanaa ya picha) na vyama vya wapiga picha PSA cha Marekani na RPS cha Uingereza, iliyoanza kutumika 2015, inakataza kuongeza, kuhamisha au kuondoa kitu chochote kilichomo pichani isipokuwa kwa kukata kingo. Kufuta vumbi la sensa au chengachenga za ISO ya juu (kamera ikiongezewa usikivu wa mwanga) ni halali, maana hizo zimeletwa na kamera. Kwa kundi la wanyamapori, kiumbe lazima awe huru. Mnyama wa kufungwa hafai hata kama waya hauonekani.

Hayo ni kama sheria za klabu yenu zinafuata tafsiri hiyo. Kama hazisemi lolote, mshindi hana kosa. Ziandikeni kabla ya shindano lijalo.

Mkiomba faili ghafi (RAW, lile la kamera kabla ya kuhaririwa), ombeni la picha yenyewe pamoja na zilizopigwa kabla na baada. Mwaka 2018 Natural History Museum ya London ilimvua mpiga picha Marcio Cabral ushindi alioupata 2017 katika shindano lake la picha za wanyamapori, baada ya kufikia uamuzi kwamba mnyama mla-mchwa aliyekuwa pichani huenda sana alikuwa amekaushwa na kujazwa. Cabral alikana. Makumbusho yalisema faili ghafi alizowasilisha za kabla na baada hazikuwa na mnyama hata moja.

Picha nyeusi na nyeupe yenye ua jekundu inaingia kundi gani?

La rangi. Kwa FIAP, picha iliyotiwa rangi moja nzima, kama kahawia, bado ni ya kundi la rangi moja, pamoja na nyeusi na nyeupe. Ukibakiza au kuongeza rangi sehemu tu, imehama kundi.

Majaji watatu walitoa 9, 5 na 4. Nani amekosea?

Labda hakuna. Jumla ni 18, sawa na picha iliyopata 6, 6, 6, lakini hizo ni picha mbili tofauti kabisa: moja imegombaniwa, nyingine imevumiliwa. Wekeni utaratibu kwamba tofauti ikizidi alama tatu, picha irudishwe nusu dakika, aliyetoa 9 aseme sababu kwa sentensi moja, naye wa 4 vilevile, kisha kila mmoja abakie au abadilishe. Asilazimishwe mtu. Huenda mmoja ameona kilichowapita wenzake, au amependa mahali anapopajua.

Jaji alishaiona picha kwenye simu ya mwenyewe. Aendelee?

Aseme kabla ya mzunguko wa kwanza. Picha hiyo wahukumu wawili waliobaki, na wastani wao uchukuliwe kama alama ya tatu. Kwa upande wa mkusanyaji, anayepokea picha za wanachama, kubadili jina la faili kuwa namba hakutoshi: jina la mpiga picha mara nyingi limo ndani ya taarifa za faili, na programu nyingine huliandika chini ya picha bila kuombwa. Zifuteni taarifa hizo kwenye nakala za majaji, na zile asilia abaki nazo mkusanyaji.