Tomati zimechanua, majani yamegeuka rangi ya shaba

SWALI: Jambo sana, Mama. Nakaa Kampemba, hapa Lubumbashi, nina vitalu sita vya tomati nyuma ya nyumba, namwagilia kwa maji ya kisima. Zilianza kuchanua mwanzo wa Septemba. Sasa majani ya chini yana vidoa vya njano kama yamechomwa sindano, mengine yamekuwa rangi ya shaba na kukauka. Kule juu kwenye maua kuna utando kama wa buibui. Nilinunua dawa ya wadudu sokoni, kwenye chupa isiyo na karatasi, nikapiga mara tatu ndani ya siku kumi. Hali imezidi. Muuzaji anasema niongeze kipimo. Baba watoto anasema ning'oe zote nipande lengalenga. Nimsikilize nani? (Mama wa mapacha, Kampemba)

JIBU: Mama wa mapacha, usiongeze kipimo. Hata tone moja usiongeze.

Kesho asubuhi chukua karatasi nyeupe ya daftari la watoto, iweke chini ya tawi lenye vidoa, uligonge tawi mara mbili. Tulia uitazame karatasi. Ukiona vumbi linalotembea, huo ni utitiri, wengine huita buibui mwekundu. Mkubwa wao hafiki milimita moja. Ana miguu minane, ni wa ukoo wa buibui na kupe, si wa ukoo wa nzige na nzi. Ndiyo maana dawa yako imeshindwa. Nyingi za sokoni ni za aina ya sipamethrini, zinawamaliza wadudu wengine na kumwacha yeye. Zaidi ya hapo, zinaua walinzi wako: kile kidudu kidogo cheusi cha mgongo wa mviringo, na utitiri wengine wanaokula utitiri. Kila ulipopiga dawa ulikuwa unamfukuzia adui zake.

Nayasema haya kwa uchungu, kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya hivyo katika bustani yangu ya upande wa Kafubu. Nilipiga dawa ya nzi weupe, nikafurahi siku nne. Wiki mbili baadaye vichwa vya tomati vilikuwa vimefungwa utando mzito kama pamba, maua yamenyauka ndani yake. Nilivuna ndoo moja mahali nilipozoea kuvuna kumi na mbili.

Tena umeshikwa katika majira yake. Huku kwetu toka Mei mvua hainyeshi, na Septemba na Oktoba joto linapanda kuliko miezi yote. Kwenye joto hilo yai la utitiri linakuwa mkubwa anayetaga ndani ya wiki moja au mbili tu, na jike mmoja hutaga mayai zaidi ya mia. Ongeza vumbi jekundu la barabara linalolala juu ya majani: utitiri anapenda pakavu penye vumbi. Anachokichukia ni maji.

Kwa hiyo anza na maji. Asubuhi tatu mfululizo, osha majani kwa nguvu, na mkono wako uelekeze maji chini ya jani. Juu ya jani ni wachache, sehemu kubwa ya familia inakaa chini. Fanya mapema ili saa sita pawe pameshakauka. Anzia vitalu vizima, malizia vile vigonjwa, kisha ubadilishe kitenge kabla ya kurudi, maana utitiri husafiri kwenye nguo. Majani yote ya rangi ya shaba kata, tia kwenye mfuko, choma. Vichwa vilivyofungwa utando kata pia, hata vikiwa na maua. Najua inauma kukata ua la tomati. Ua lile halitazaa, litawasindikiza tu kwenye mimea ya jirani.

Baada ya hapo, sabuni. Kwangua sabuni ya kipande, si ya unga, kwa sababu ya unga inaunguza majani. Gramu 15 kwa lita moja ya maji ya moto, iache ipoe. Kama maji ya kisima chako yanaifanya igande weupe badala ya kutoa povu, tumia maji ya bomba ya Regideso. Jaribu kwanza kwenye majani matatu, ungoje siku mbili. Yasipoungua, piga shamba lote jioni, jua likishatua na nyuki wakisharudi kwao, tena chini ya jani mpaka yadondoke. Sabuni inaua yule tu iliyemgusa, na mayai haiyawezi. Ndiyo maana utarudia kila baada ya siku tano, mara tatu. Wanaoshindwa wengi nimewaona wanaishia mara ya kwanza.

Kuna watakaokwambia uponde majani ya ububa. Ni kweli yana nguvu juu ya utitiri. Lakini ni ule ule ububa wa wavuvi, unaoua samaki. Ukiutumia, pompi ya kupigia dawa usiioshee mtoni.

Angalia pia pembeni ya vitalu. Mnavu ukiota pale, ung'oe. Kuna utitiri mmoja mwekundu uliotoka Amerika ya Kusini, ukaonekana Zimbabwe mwaka 1979 na kusambaa Afrika, na huo hupenda sana mimea ya ukoo wa tomati. Mnavu ni nyumba yake wakati wewe huna tomati. Na mbolea ya urea punguza: jani laini lililonona ndilo analolifyonza kwa raha.

Baba watoto ana haki nusu. Kitalu ambacho utando umekifunika chote king'oe leo, kabla upepo haujapeleka utitiri kwa vingine. Pale weka vitunguu. Usiweke bilinganya wala viazi mbatata, na lengalenga nayo hushambuliwa. Vile vinginevyo vipiganie, mvua ikianza itakusaidia.

Jambo la mwisho, na hili ndilo limenifanya nijibu barua yako mbele ya nyingine. Dawa ya chupa isiyo na karatasi hakuna ajuaye siku ngapi za kungoja kabla ya kula. Tomati zitakazoiva wiki hizi mbili zifukie shimoni. Usiwapikie mapacha, na usizipeleke sokoni mtoto wa mwingine akazila.

SWALI: Majani ya tomati niliyokata, naweza kumpa mbuzi? (Msomaji, Ruashi)

JIBU: Hapana, Papa. Jani la tomati lenyewe lina sumu, hata bila dawa.

SWALI: Waridi langu la kwenye chungu, barazani, lina utando huo huo. Ni sawa na wa tomati? (Dada wa Kamalondo)

JIBU: Ni ukoo huo huo, dada yangu, ila kazi yako ni nyepesi. Funga udongo kwa mfuko wa plastiki usimwagike, pindua chungu, uzamishe matawi yote kwenye beseni la maji ya sabuni na kuyatikisa polepole, kisha suuza. Baada ya siku tano rudia. Na ulitoe hapo ukutani kwenye bati, jua la mchana likigonga ukuta linawapikia chakula chao.