Mabaka ya seramiki: someni kabla hamjaniita nije kushika tochi

Jumamosi nimewakuta vijana wetu wawili wameinamia boneti ya Harrier nyeusi kama watu waliodondosha sindano. Mmoja anasugua, mwenzake anamulika kwa simu. Sikuuliza kitu. Ile rangi ya mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi naijua hata nikiwa ng'ambo ya barabara: seramiki, ile dawa ya kupaka juu ya rangi ya gari ili ing'ae na ilindwe, imewakaukia kabla hawajaifuta, na taulo imekuwa gamba la kobe. Wadogo zangu, nimeshayasema haya mara nyingi. Leo nayaandika, ili mkinipigia usiku niwatumie tu.

1. Soma hewa kabla hujasoma chupa. Chupa inasema subiri dakika moja hadi tatu ndipo ufute. Aliyeiandika hakuwa Dar, mwezi wa pili, saa nane mchana. Bati lililoshinda juani linarusha kiyeyushi mara moja, na nyingi ya dawa hizi zinagandishwa na unyevu wa hewani, ambao sisi watu wa pwani hatujawahi kuukosa. Joto linakausha, unyevu unagandisha, na wewe umesimama katikati umeshika taulo. Mimi msimu wa joto nahesabu sekunde, si dakika. Kusi likishakolea, kuanzia Juni hivi, angalau unapata nafasi ya kumeza mate. Weka mgongo wa mkono kwenye bati. Kama huwezi kuuacha hapo ukiwa umetulia, usifungue chupa. Halafu tazama dawa yenyewe, si saa: ikianza kutoa jasho, vile vitone vidogo na rangi ya upinde, imekuita.

2. Paka kidogo kidogo. Sentimita 40 kwa 40, nenda rudi, juu chini, futa, ndipo usogee. Mtaniambia kwa mwendo huo boneti ya Crown itakula asubuhi nzima. Na iile. Mimi boneti ya Crown imenila zaidi ya hapo.

Ilikuwa gari nyeusi, ile nyeusi ya Toyota yenye namba ya rangi 202, rangi laini ambayo ukiitazama vibaya inachubuka. Mwenyewe ni mzee mmoja mstaarabu sana, alikuwa anamwoza binti yake Jumamosi, na Crown ndiyo ingembeba bibi harusi. Aliileta Alhamisi. Bosi alikuwa safarini, nami nilikuwa na miezi mitano kazini, yaani nilikuwa najua kila kitu. Nikapaka boneti yote. Mkono ulikuwa umekolea, nikaunganisha na paa, nikijisemea nitafuta kwa mkupuo mmoja kama mtu anayepiga deki.

Niliporudi kufuta, taulo ilikwama. Ilivuta kama imeshika ulimbo. Dakika ile tiba bado ilikuwepo, ila sikuijua, na kwa kuwa sikuijua nilikaza mkono. Kisha umeme ukakatika. Sasa niwaambie, ndani ya giza la gereji gari nyeusi haina kosa hata moja. Nikafunga mlango, nikaenda kulala usingizi mzuri kabisa.

Ijumaa asubuhi tukaisukuma nje. Jua la saa mbili linapiga kwa ubavu, halifichi mtu. Boneti nzima ilikuwa mawimbi na upinde, na katikati kuna mistari minne ya vidole vyangu, pale nilipokaza. Nikaleta spiriti, haikusikia. Nikaleta maji ya moto. Nikaleta petroli, Mungu anisamehe. Mwisho nikachukua mashine ya kupolishi, pedi ya manyoya na kompaundi nzito, ile dawa ya kukwangua rangi, nikaingia nayo hadi ukingo wa fenda. Klia ya kiwandani, lile tabaka angavu la juu ya rangi, mara nyingi ni mikroni 40 au 50 hivi, na penye ukingo ndipo huwa nyembamba na ndipo joto la pedi linapokusanyika. Hayo nimeyasoma baadaye. Siku ile nilisikia harufu kwanza, ndipo nikaona: doa la kijivu, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Primer, rangi ya chini, ikinichungulia.

Mngedhani hilo ndilo linaloniuma. Hapana. Mzee alifika saa kumi jioni, akazunguka gari, akasimama mbele ya boneti. Nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu. Usihofu, seramiki huiva taratibu. Hayo mabaka yatajiondoa yenyewe ndani ya wiki." Doa la fenda nilikuwa nimeshalipaka kalamu ya maka nyeusi. Akaniitikia, akaniamini, akanipa na ya soda.

Baka la seramiki halijiondoi. Linakomaa. Nililijua hilo? Nilikuwa nalihisi, na nikalisema lile neno hivyo hivyo.

Wiki iliyofuata alirudi na simu mkononi, akanionyesha picha. Bibi harusi amesimama mbele ya gari, gauni jeupe limetandazwa, na chini ya gauni kuna upinde wa mvua mzima na vidole vyangu vinne. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Kijana, ndiyo inaiva hii?" Heri angenipiga kofi. Nilitumia siku mbili kuipolishi gari yote upya, chupa mpya ya mililita 30 ikakatwa kwenye mshahara wangu, fenda ikaenda kwa mpiga rangi. Na fenda hiyo ilibidi ingoje zaidi ya mwezi ndipo tuipake seramiki, kwa sababu rangi mpya bado inapumua, ukiifunika mapema unaikaba. Kwa hiyo mzee alikuja mara ya tatu. Bado ni mteja wangu. Akishuka kwenye gari, kabla ya salamu anauliza, "Imeiva?" Nyie huwa mnacheka. Sasa mmejua mnachokicheka.

3. Tiba yenyewe, maana kila wiki naulizwa. Ukigundua baka ndani ya dakika chache: tone jipya la dawa ileile juu yake, lilainike, futa kwa taulo safi. Likishalala usiku: polishi nyepesi na pedi laini, hapo hapo tu penye baka, spiriti, upake tena. Petroli ni ya tangi.

4. Futa spiriti kabla ya kupaka. Polishi huacha mafuta, na seramiki haishiki juu ya mafuta. Mtu ananiambia "nimeshapitisha" na mimi naona chupa ya spiriti ina utando wa buibui.

5. Taa mbili, pembe mbili tofauti. Na msinidanganye kwamba gari nyeupe haina mabaka. Inayo, ila itawasubiri magharibi, mteja akiwa anamwonyesha shemeji yake.

6. Maji. Saa 24 za mwanzo gari isiguswe na tone, na sabuni ingoje wiki. Mweleze mteja, kisha mweleze na mlinzi wake. Noah moja ya rangi ya fedha ilitoka kwetu safi jioni, usiku mlinzi akaona vumbi, akaona huruma, akaiogesha kwa maji ya kisima. Ni yale maji ya huku kwetu ambayo chai yake haihitaji chumvi. Kufika asubuhi kila tone lilikuwa limeacha kijiduara cheupe, na mlinzi amesimama pembeni anasubiri kupongezwa. Nilimpongeza. Ningefanyaje?

7. Ile 9H kwenye boksi ni kipimo cha ugumu cha penseli, si cha almasi. Mteja akikuuliza kama kokoto la lori halitaacha alama, mwambie litaacha. Atanunua tu.

8. Taulo. Ya kwanza inavuta dawa, ya pili inamalizia, zote mbili zinakwenda kwenye pipa. Seramiki ikikauka ndani ya nyuzi, hiyo si taulo tena, ni msasa. Kuna mtu hapa gerejini, simtaji, alizifua kwa sabuni ya unga, akazianika kwenye kamba, akazikunja vizuri, akazirudisha kwenye droo ya taulo mpya. Tulitafuta chanzo cha mikwaruzo siku tatu. Tulibadilisha pedi, tukabadilisha polishi, tukamshuku hata yule anayefagia.

Harrier bado haijatoka. Boneti nimeimaliza mwenyewe jana. Paa, upande wa abiria, limebaki baka moja, nimelizungushia tepu ya bluu. Lifanyeni kabla ya saa tatu, jua halijafika mlangoni. Nimenunua taulo kumi na mbili Ijumaa, leo nimehesabu kumi na moja, na nimeiona ya kumi na mbili kwenye kiti cha pikipiki ya mtu.