Kiwanda cha dawa Tanga: vidonge au dripu?

SWALI: Mhariri, nina duka la dawa muhimu Ngamiani, Tanga. Parasetamo ya India imevuka bahari, mbona kwa jumla naipata kwa bei ndogo kuliko ya viwanda vyetu? Wenye maduka tumeanza kuchangishana tufungue kiwanda, bandari tunayo. Tuanze na vidonge?

JIBU: Tafadhali msianze na vidonge. Vidonge milioni moja vya miligramu 500 vinakula kilo 500 za kiambato hai, yaani dawa yenyewe iliyomo ndani ya kidonge, nacho hutoka huko huko India au China. Kiwanda cha kule hukinunua jirani, kwa wingi. Ninyi mtalipia mzigo miezi kadhaa kabla ya kuuza kidonge cha kwanza, pengine kwa mkopo wenye riba. Bandari haiwasaidii sana: vidonge elfu moja havifiki kilo moja, kwa hiyo nauli ya mshindani wenu ni ndogo.

Nguvu yenu iko kwenye vitu vizito. Dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 ina gramu 9 za chumvi kwa lita. Chupa elfu moja za nusu lita zinazidi nusu tani, na chumvi iliyomo ni kilo 4.5 tu, anayeziagiza nje analipa nauli ya maji. Kiwanda cha Kairuki kule Kibaha kinatengeneza dripu.

Ugumu upo kwenye maji hayo hayo. Mvuke wa nyuzi 121 huua vijidudu, lakini sumu inayobaki kwenye mabaki yao haiondoki, na mgonjwa hupata homa na kutetemeka. Kwa hiyo maji yavukizwe na kupoozwa, kisha yazunguke kwenye mabomba yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 70. Umeme ukikatika yakapoa, vijidudu huzaliana. Jenereta iingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, itakagua kiwanda na kudai majaribio ya uimara, ya kuona kama dawa haiharibiki ikikaa, yakiwemo ya miezi 6 kwenye nyuzi 40. Kwa chupa za plastiki hewa ya chumba cha majaribio huwa kavu, ili kuona maji yanapungua kiasi gani. Mishahara italipwa muda wote huo bila mauzo.

Halafu kuna mnunuzi, na hapa ndipo tunapopata hofu zaidi juu yenu. Hospitali za serikali hupata dawa kupitia MSD, bohari ya dawa ya serikali, nayo hununua kwa zabuni. Mkikosa zabuni moja, ghala limejaa. Someni kipengele cha siku za malipo kabla ya bei, na tafuteni mapema hospitali za binafsi na za mashirika ya dini.

SWALI: Je, hataza za kampuni za nje, yaani haki za pekee za kutengeneza dawa walizovumbua, zitatuzuia? (Msomaji, Bagamoyo)

JIBU: Kwa dripu na parasetamo, hapana, ni za zamani mno. Kwa dawa mpya, kanuni za WTO, Shirika la Biashara Duniani, zinazipa nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwemo, msamaha wa kutolazimika kulinda hataza za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Msamaha huo haujiingizi wenyewe kwenye sheria ya nchi, kwa hiyo wakili aangalie kwanza BRELA, wakala wa usajili nchini, na ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika, kama kuna hataza iliyosajiliwa.