Picha za makro majini: usinunue flashi kubwa, hamisha uliyonayo

Mkuu, umeuliza kama flashi yenye nguvu zaidi itakuondolea nukta nyeupe na ule ubapa kwenye picha zako za viumbe wadogo. Haitakuondolea. Kwenye makro uko sentimita kumi, ishirini tu kutoka kwa kiumbe, na hata flashi ndogo inatosha na kubaki. Tatizo ni mahali ilipokaa.

Nilipoanza kupiga Mnemba, kisiwa kidogo huko Zanzibar, nilikuwa na flashi mbili, kushoto na kulia, zote zikimtazama kiumbe usoni. Wale konokono wa bahari wasio na gamba, na rangi zao zote zile, walitoka kama stika zilizobandikwa mwambani. Siku moja flashi ya kulia iliisha betri katikati ya mbizi. Iliyobaki nikaipandisha juu ya kiumbe, imulike chini moja kwa moja. Picha ya kwanza tu, matamvua yake ya mgongoni yalijitenga moja moja, kila moja na kivuli chake. Tangu hapo naanza na flashi moja.

Weka ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, shata (muda wa kupokea mwanga) 1/200 ya sekunde, tundu la lenzi f/22, yaani dogo sana. Hapo mwanga wa jua hauna nafasi hata saa sita mchana. Kitakachoonekana ni kile flashi inachokigusa. Nyuma pakiwa maji matupu, panakuwa peusi tii. Nguvu ya flashi ipange mwenyewe, usiiachie otomatiki, maana kamera ikiona weusi mwingi inaongeza mwanga na kiumbe anatoka mweupe kupita kiasi pichani.

Zile nukta ni mchanga unaoelea mbele ya lenzi, unamulikwa. Geuza flashi pembeni kidogo ili kiumbe aguswe na ukingo wa mwanga tu. Na uangalie maji: bamvua, yaani maji makuu, linanyanyua mchanga, kwa hiyo mbizi zangu za makro naziweka siku za maji mafu, maji yanapojaa na kupwa kidogo tu.

Ukishazoea, jaribu snuti, yaani mrija wa kubana mwanga. Wangu ni kipande cha bomba la PVC kilichozungushiwa tepu nyeusi, mdomo wenye upana kama wa sarafu. Kazi yake ngumu ni kulenga. Nilimaliza chupa nzima ya hewa nikilenga kijiwe kimoja, na sijutii, kwa sababu kijiwe hakisumbuki na flashi.

Kwa kamba wadogo wenye mwili kama kioo, flashi iende nyuma yao, nje ya fremu, ielekee kwako. Utaona hadi mayai tumboni. Hapo maji yawe safi kweli.

Farasi wa bahari mpige picha tatu, nne, umwache. Usimsogeze kwa kijiti.

Tuma picha yako ya kwanza ya flashi moja, utaje kina na tundu, tuone kivuli kinaangukia wapi.